Mtoto wa jicho hasubiriwi akomae: maswali na majibu

Majibu haya nimeyaandika kutokana na maswali ninayoulizwa na wagonjwa na ndugu zao katika kliniki ya macho hapa Moshi, ambako ninahudumu nikiwa muuguzi wa macho. Wagonjwa wetu wanatoka Kibosho, Machame, Marangu, Rombo, Same na vijiji vya upande wa Arusha, na wengi wao wanafika wakiwa wamechelewa kwa sababu ile ile: kuna mtu aliwaambia wasubiri mtoto wa jicho akomae kwanza. Nitalirudia jambo hilo mara kadhaa katika makala haya, na ninaomba nivumiliwe, kwa kuwa ndilo linalowapofusha watu ambao leo wangekuwa wanaona.

Mtoto wa jicho ni nini?

Ni ukungu ulioingia ndani ya lenzi ya jicho. Lenzi ni kitu kidogo mfano wa kioo laini, chenye unene wa takriban milimita 4, kilichokaa nyuma ya mboni, na kazi yake ni kuukusanya mwanga na kuuelekeza kwenye retina, ambayo ndiyo pazia la nyuma linalopokea picha. Lenzi ikiwa safi, mboni huonekana nyeusi; ikijaa ukungu, mboni huonekana ya kijivu, ya kahawia au nyeupe. Jina lenyewe limewapotosha wengi, kwa maana mtu akisikia neno "mtoto" hudhani kuna kitu kimezaliwa na kinaendelea kukua juu ya jicho. Hakuna kilichoota. Kile kinyama kinachotambaa kutoka upande wa pua, ambacho tunakiona sana kwa watu wanaoshinda juani na vumbini, ni ugonjwa mwingine kabisa.

Kama hakuna kilichoota, ukungu huo umetoka wapi?

Umetoka katika protini za lenzi yenyewe. Takriban theluthi moja ya uzito wa lenzi ni protini, na sehemu kubwa ya protini hizo ni za aina ziitwazo kristalini. Mtu angetarajia kitu kilichojaa protini kiasi hicho kiwe cheupe kama maziwa, lakini kristalini zimebanana kwa mpangilio ambao mwanga hupita katikati yake bila kutawanyika. Ili njia ya mwanga ibaki wazi, seli za lenzi zinapofikia utu uzima hutupa hata viini vyake, na lenzi nzima haina mshipa wa damu hata mmoja.

Shida inaanzia hapo hapo. Seli isiyo na kiini haiwezi kutengeneza protini mpya wala kubadilisha zilizochakaa, na kwa hiyo protini zilizo katikati ya lenzi ya bibi wa miaka 80 ni zile zile alizozipata akiwa tumboni mwa mama yake. Ngozi yake imejibadilisha mara nyingi mno tangu siku hizo, na damu yake pia, lakini lenzi haikupewa nafasi hiyo. Kwa miaka yote protini hizo zinapigwa na mwanga wa jua, zinaliwa na oksijeni kama chuma kinavyoliwa na kutu, na sukari ya mwilini inajibandika juu yake. Polepole zinapoteza mkunjo wake wa asili, na protini iliyopoteza mkunjo hunata kwenye jirani yake.

Lenzi ina mlinzi wake. Mmoja wa kristalini hizo, alfa-kristalini, huzishika protini zilizoanza kulegea na kuzizuia zisigandane, kazi ambayo mtafiti Joseph Horwitz aliionyesha mwaka 1992. Lakini mlinzi huyo naye ni protini isiyobadilishwa, na akiba yake hupungua kadiri anavyozidi kuwashika wagonjwa wake. Akiba ikiisha, protini hugandana kuwa mabonge, mabonge hutawanya mwanga, na mtu huanza kuona kama anayetazama kupitia kioo cha dirisha kilichojaa mvuke.

Ninapomweleza mgonjwa jambo hili huwa ninamkumbusha ute wa yai. Ukivunja yai kwenye sahani, ute wake ni mwangavu kiasi kwamba unaliona ua la sahani chini yake. Ukiumimina kwenye kikaango chenye moto, muda si mrefu umekuwa mweupe na huoni kitu. Hakuna ulichoongeza, protini ni zile zile, zimepoteza mkunjo wake na kugandana. Kwenye kikaango kazi hiyo hufanywa na moto, na kwenye jicho hufanywa na miaka.

Basi ni dawa gani ya matone inayouyeyusha ukungu huo?

Hakuna. Yai lililokaangwa halirudi kuwa bichi kwa kulimwagia kitu juu, na lenzi iliyoganda hairudi kuwa angavu kwa kuidondoshea dawa. Ni kweli kwamba watafiti wamejaribu kemikali za kuyafumua mabonge hayo, na mwaka 2015 kulitangazwa matokeo ya lanosteroli kwa lenzi za wanyama, lakini hadi sasa hakuna dawa ya matone iliyothibitishwa kumwondoa mtoto wa jicho kwa binadamu. Anayekuuzia dawa ya namna hiyo anachukua fedha yako na muda wako, na kwa ugonjwa huu muda una thamani kubwa kuliko fedha.

Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu karibu kila siku ya kliniki mama mmoja hufungua fundo la kanga yake na kunipangia mezani vichupa vitatu au vinne alivyonunua duka la dawa bila kupimwa. Ninapovisoma, mara nyingi ninakuta angalau kimoja ni cha jamii ya steroidi, kama deksamethasoni. Dawa hizo zina matumizi yake halali zikiandikwa na mtaalamu na kufuatiliwa. Zikitumiwa kiholela kwa miezi, zenyewe husababisha mtoto wa jicho, na pia hupandisha presha ya jicho, ambayo huua mshipa wa fahamu wa kuonea bila maumivu yoyote. Mgonjwa anatibu ukungu kwa kitu kinachouongeza.

Asali, maji ya majani, maziwa ya mama na utomvu wa mimea, tafadhali visiingie jichoni hata tone moja. Lenzi iko ndani, nyuma ya mboni, na dawa hizo haziifikii. Zinachofanya ni kuleta vidonda kwenye konea, ambayo ni kioo cha mbele cha jicho, na konea ikipata kovu hata upasuaji wa mtoto wa jicho hautakurudishia uoni wako wote.

Nimeambiwa mtoto wa jicho wangu hajakomaa, nisubiri. Ni sahihi?

Si sahihi. Ushauri huo ulikuwa na maana zamani, na ni vizuri kueleza kwa nini, ili wazee walioupokea wasione kwamba tunawadharau. Zamani daktari aliitoa lenzi yote na kifuko chake, yaani utando mwembamba unaoizunguka, na hakuwa na kitu cha kuweka mahali pake. Mgonjwa alibaki akitegemea miwani minene kama kitako cha chupa, akiona katikati tu. Kwa kuwa matokeo yalikuwa hayo, ilikuwa busara kusubiri hadi mtu asione kabisa ndipo afanyiwe upasuaji.

Mambo yalianza kubadilika tarehe 29 Novemba 1949, pale daktari Harold Ridley alipoanza kuweka lenzi ya bandia ndani ya jicho la mgonjwa huko London. Leo lenzi ya bandia ni jambo la kawaida, hapa Kilimanjaro na Arusha pia, na kifuko cha lenzi hubakizwa ili kiishikilie. Kwa hiyo swali la kujiuliza limebadilika. Jiulize kama ukungu unakuzuia kufanya kazi zako: kuchambua mchele, kushona, kuendesha pikipiki, kumtambua mtu njiani, kusoma kitabu cha nyimbo kanisani au msahafu msikitini. Kama unakuzuia, wakati wa upasuaji umefika. Mtoto wa jicho si ndizi ya kuvundikwa hadi iive.

Nikisubiri kuna ubaya gani, ikiwa mwisho wa yote nitafanyiwa upasuaji ule ule?

Hautakuwa upasuaji ule ule, na huenda usiwepo kabisa. Lenzi inavyozidi kuganda inakuwa ngumu na ya rangi ya kahawia, na kuitoa kunahitaji nguvu zaidi na huhatarisha zaidi sehemu nyingine za jicho. Lenzi nyingine huvuta maji, ikavimba na kuziba njia ambayo maji ya ndani ya jicho hutokea.

Ubaya mkubwa zaidi unatoka kwa protini zile zile tulizozungumzia. Mtoto wa jicho akiachwa mpaka akapita kukomaa, lenzi hugeuka kuwa uji mweupe, na protini zake huvuja kupitia kifuko na kuingia katika maji ya jicho. Seli za ulinzi za mwili hukimbilia kuzila, zikavimbiana, na seli hizo pamoja na protini zenyewe huziba vichujio vidogo ambavyo jicho hutolea maji yake. Presha ya jicho hupanda ghafla. Jicho huwa jekundu, linauma hadi kichwa kizima, mgonjwa anatapika, na watu wa nyumbani wanampa dawa ya malaria.

Niwaeleze ninachokiona. Mzee mmoja aliletwa na kijana wake akiwa ameshika jicho la kulia kwa kiganja. Mboni ilikuwa nyeupe kama chokaa, na jicho lilikuwa gumu kama jiwe chini ya kidole. Maumivu yalikuwa na siku tisa. Nilizima taa, nikammulika kwa tochi nikimuuliza mwanga unatokea upande gani, na akanijibu kwa upole kabisa, "Binti yangu, washa kwanza hiyo tochi." Tochi ilikuwa inawaka. Mshipa wa fahamu ulikuwa umekufa, na hakuna upasuaji unaoufufua. Miaka miwili kabla ya hapo upasuaji mfupi ungelimaliza jambo lake, lakini nyumbani walikuwa wakimsubirisha akomae.

Kwa hiyo: mtu mwenye mboni nyeupe ambaye jicho lake linaanza kuuma na kuwa jekundu apelekwe hospitali yenye huduma ya macho siku hiyo hiyo. Asisubiri Jumatatu, na asisubiri siku ya kliniki.

Familia tumekubaliana tusubiri Desemba, watoto wote wakiwa wamerudi nyumbani. Kuna shida?

Iko shida. Ninaelewa desturi yetu ya kukutana nyumbani mwishoni mwa mwaka, na ninaelewa kwamba mambo makubwa ya ukoo huamuliwa wakati huo, chini ya mgomba, kila mtu akiwepo. Lakini mama anayeanza kupapasa ukuta mwezi wa Februari hawezi kukaa gizani miezi kumi akisubiri kikao. Katika miezi hiyo ataanguka kwenye ngazi ya jikoni na kuvunjika nyonga, au atamwagikiwa na maji ya moto, na mjukuu mmoja atakatishwa masomo ili amshike mkono. Simu zipo, na fedha zinatumwa kwa simu. Amueni kwa simu.

Tena ninaomba niseme wazi kwamba wanaosubirishwa zaidi ni akina mama. Duniani, na hapa kwetu pia, wanawake wenye upofu wa mtoto wa jicho ni wengi kuliko wanaume, na bado wanafikishwa kwenye upasuaji kwa uchache zaidi. Baba akishindwa kuona, gari linatafutwa wiki ile ile. Mama akishindwa kuona, tunasema ni uzee. Huo ni uonevu, hata kama haukukusudiwa.

Bibi yetu alikuwa hasomi bila miwani, na sasa ameiweka pembeni anasoma vizuri. Je, macho yake yamerudi ujanani?

Hayajarudi. Mnapoona hivyo, mleteni. Protini zinapobanana na kugandana katikati ya lenzi, uwezo wa lenzi kuupinda mwanga huongezeka, na mtu aliyekuwa haoni karibu huanza kuona karibu bila miwani, huku mbali kukizidi kufifia. Raha hiyo hudumu kwa muda tu, kisha ukungu huendelea na hata kusoma kunakoma. Nimesikia familia zikishukuru kwa maombi yaliyojibiwa, nami sipendi kumvunja mtu moyo, lakini ni afadhali niwaambie mapema.

Dalili nyingine ni za kawaida zaidi: ukungu usioisha hata ukisugua macho, taa za magari ya usiku kutawanyika na kuumiza, rangi kufifia na kuwa za manjano, na kubadilisha miwani kila mara bila nafuu. Mtoto wa jicho haumi wala hawashi, na ndiyo maana watu humvumilia.

Ni nani anayempata mapema?

Uzee ndio sababu kuu, na hauna wa kulaumiwa. Yapo lakini mambo yanayoharakisha kuharibika kwa protini, na hapo tuna la kufanya.

La kwanza ni kisukari. Sukari ikiwa juu katika damu, hupenya hadi kwenye lenzi, ikajibandika kwenye protini na kuzipa rangi ya kahawia, na sehemu yake hugeuzwa kuwa kitu kiitwacho sorbitoli, kinachovuta maji. Ndiyo sababu mgonjwa wa kisukari anaweza kuona vizuri wiki hii na vibaya wiki ijayo. Anayeacha dawa zake za kisukari kwa sababu anajisikia vizuri, na wapo wengi mno, anaziumiza lenzi zake na retina yake kwa pamoja, na retina ikiharibika hatuna ya bandia ya kuweka.

Sigara nayo huharakisha. Jua pia: miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1000, na theluji huirudisha miale hiyo usoni, kwa hiyo waongozaji na wapagazi wanaopanda Kilimanjaro mara kwa mara wavae miwani ya jua inayozuia miale hiyo, si ile ya urembo tu. Wakulima na wafugaji wa tambarare za Same na Monduli wavae kofia pana. Jicho lililopigwa na kijiti, jiwe au ngumi linaweza kupata mtoto wa jicho hata kwa kijana, na hilo lipimwe mara moja.

Ni kweli kwamba wakati wa upasuaji jicho hutolewa nje, likaoshwa na kurudishwa?

Si kweli, na halijawahi kufanyika popote. Jicho haliondoki mahali pake. Mgonjwa hulala chali, hupigwa sindano ya ganzi kando ya jicho, na daktari hufanya kijitundu kidogo ukingoni mwa jicho, chenye upana wa milimita 6 hivi kwa njia inayotumika sana katika hospitali zetu, akaitoa lenzi iliyoganda na kuweka ya bandia ndani ya kifuko kile kile. Kwa kawaida hashoni hata uzi. Kazi yote huchukua chini ya nusu saa, na bandeji hufunguliwa kesho yake asubuhi. Wengi huhitaji miwani ya kusomea baadaye, na matone wanayopewa baada ya upasuaji wayatumie kwa siku zote walizoandikiwa, bila kugawana na jirani.

Anaweza kurudi?

Lenzi iliyotolewa hairudi. Baadhi ya watu, baada ya miezi au miaka, kifuko kilichobaki huingia ukungu, na huo husafishwa kwa leza bila kupasuliwa tena.

Mtoto wangu mchanga ana mboni nyeupe. Nimeambiwa akue kwanza.

Mama, usisubiri hata wiki moja. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo ya maisha, na jicho lililofunikwa wakati huo ubongo hulipuuza, hata likija kusafishwa baadaye. Tena mboni nyeupe kwa mtoto inaweza kuwa saratani ya jicho, ambayo huua. Aliyekwambia akue kwanza amekosea.

Tuanzie wapi, na kama hatuna fedha?

Hospitali za rufaa za mkoa, Mawenzi kwa upande wa Moshi na Mount Meru kwa upande wa Arusha, zina kliniki za macho, na hospitali ya rufaa ya kanda ya KCMC iliyopo Moshi hupokea wagonjwa wa rufaa na watoto. Mzee mwenye umri wa miaka 60 na zaidi aulizie dirisha la wazee, na asiye na uwezo aonane na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa na kurudi nyumbani. Mwenye kisukari au presha ya damu asiache dawa zake kwa kuogopa upasuaji, aje nazo.

Jicho moja bado linaona. Kwa nini nisitulie nalo?

Kwa sababu lenzi zako mbili zina umri mmoja, na zimepitia jua lile lile na sukari ile ile. Lililobaki linafuata, na lililojaa ukungu linaelekea kule kwenye kuvuja nilikokueleza. Njoo sasa hivi, ukiwa bado unaweza kutembea njia yako mwenyewe. Njoo na vichupa vyote ulivyokuwa ukivitumia, hata vile unavyoona aibu kunionyesha, na ufuatane na yule ambaye nyumbani kwenu ndiye mwenye neno la mwisho, ili tukipanga tarehe ya upasuaji pasitokee mtu wa kuisogeza.